Mistari Mitano ya Umri

Fomu ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania, inayokusanya taarifa za wagonjwa wa nje ina makundi matano ya umri. Chini ya mwezi 1. Mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1. Mwaka 1 hadi chini ya miaka 5. Miaka 5 hadi chini ya miaka 60. Miaka 60 na kuendelea. Muuguzi wa zahanati ya kijiji huko Maneromango au Masaki, wilayani Kisarawe, anayajua makundi hayo kwa ghibu, maana mwezi ukiisha hana budi kuketi na rejesta na kalamu, apige vijiti vya kuhesabia, wa kiume huku na wa kike kule, mpaka hesabu ikae. Mwanaprogramu anayejenga mfumo wa hospitali pale Kibaha naye hana budi kuyajua. Na mimi nikitaka kumpima huyo mwanaprogramu, siombi kuonyeshwa ukurasa wa mbele wenye rangi na michoro. Naomba kuona mahali alipoyaandika makundi matano ya umri.

Kipande cha namna hii, kwa lugha ya Python, hunifurahisha sana:

    def kundi_la_umri(kuzaliwa, siku_ya_huduma):
        miezi = miezi_kamili(kuzaliwa, siku_ya_huduma)
        if miezi < 1:
            return "chini ya mwezi 1"
        if miezi < 12:
            return "mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1"
        if miezi < 5 * 12:
            return "mwaka 1 hadi chini ya miaka 5"
        if miezi < 60 * 12:
            return "miaka 5 hadi chini ya miaka 60"
        return "miaka 60 na kuendelea"

Kisome taratibu, mstari kwa mstari. Hata asiyewahi kuandika programu ataambulia kitu, akijua tu kwamba if ni ikiwa na return ni rudisha jibu. Mpangilio wa msimbo ni ule ule wa fomu. Muuguzi akiweka fomu upande mmoja na msimbo upande wa pili, anaweza kulinganisha kwa kidole na kusema hapa sawa, hapa mmekosea. Si jambo dogo hilo. Sehemu kubwa ya makosa kwenye mifumo ya afya haitokani na mwanaprogramu kushindwa hesabu. Inatokana na kwamba mtu anayeijua kazi yenyewe, yaani muuguzi, tabibu au karani wa mapokezi, hapewi nafasi ya kuuona msimbo. Na hata angepewa, asingeuelewa.

Ndiyo maana napenda majina ya Kiswahili mle ndani. Wapo wanaoshikilia kwamba kila kitu kwenye msimbo kiandikwe kwa Kiingereza, ili mgeni naye asome. Kwa vitu vya kompyuta yenyewe sina ubishi nao. Lakini mahali ambapo fomu ya serikali, mgonjwa na karani wote wanasema "siku ya huduma", sioni faida ya kumlazimisha msomaji wa kesho abuni tafsiri kichwani kila anapopita.

Sasa angalia jambo ambalo mwanafunzi hulipita bila kuliona. Kila sharti limetaja upande wa juu tu. Halisemi "miezi zaidi ya 1 na pungufu ya 12", kwa sababu aliyefika mstari huo ameshapita wa kwanza, na kupita kwenyewe ni ushahidi kwamba ametimiza mwezi. Anayeandika pande zote mbili kila mara atakosea siku moja: ataandika "pungufu ya 12" hapa na "zaidi ya 12" pale, na mtoto mwenye miezi 12 kamili hatakuwa na kundi. Ametibiwa, amepewa dawa, ameondoka mgongoni mwa mama yake, lakini kwenye ripoti ya mwezi hayupo. Mfumo hautalalamika. Jumla haitatofautiana sana na ya mwezi uliopita, na hakuna atakayeshtuka. Msimbo uliopangwa kama huo hapo juu hauachi pengo kati ya kundi na kundi wala hauruhusu makundi mawili kumgombea mtoto mmoja, na haukuhitaji maneno mengi kufanya hivyo.

Halafu kuna hiyo 5 * 12 na 60 * 12. Mwandishi angeweza kuandika 60 na 720, na kompyuta isingejali. Ila msomaji angekutana na 60 inayomaanisha miezi, wakati mistari michache chini yake ipo 60 inayomaanisha miaka, na mwenye haraka saa kumi na moja jioni angezichanganya. Kwa kuacha alama ya kuzidisha ionekane, fundi amemwonyesha mwenzake alikoitoa namba hiyo. Gharama yake ni herufi chache tu.

Lakini ustadi mkubwa kuliko wote kwenye kipande hiki uko kwenye mstari wa kwanza, katika lile neno siku_ya_huduma. Njia nyepesi, na ndiyo ninayoiona mara nyingi, ni kuiacha funksheni yenyewe iulize saa ya kompyuta: leo ni tarehe ngapi? Inaonekana haina madhara. Mgonjwa yuko mbele yako, unataka umri wake wa leo. Tatizo linaibuka mwezi unaofuata. Mtoto alikuja tarehe 26 Februari akiwa na miaka minne na miezi kumi na mmoja na siku kadhaa. Ripoti ya Februari inachapwa tarehe 5 Machi. Kama msimbo unauliza "leo", na mtoto ametimiza miaka mitano tarehe 2 Machi, ripoti itamhesabu kwenye kundi la wakubwa, ingawa siku alipotibiwa alikuwa chini ya miaka mitano. Ichape tena mwezi wa Juni, utapata jibu lingine tofauti kwa Februari ile ile. Ripoti ya mwezi uliokwisha haitakiwi kubadilika kwa sababu tu kalenda ya ukutani imegeuzwa.

Kwa hiyo fundi hairuhusu funksheni iangalie saa. Anaidai ipewe tarehe mkononi. Faida ya pili inakuja hapo hapo: kipande kisichoangalia saa kinaweza kujaribiwa kwa tarehe yoyote, leo na miaka kumi ijayo, na jibu likawa lile lile.

Tuingie ndani kidogo, kwenye kile kipande kinachobeba mzigo chini ya hiki:

    def miezi_kamili(kuzaliwa, siku):
        miezi = (siku.year - kuzaliwa.year) * 12
        miezi = miezi + siku.month - kuzaliwa.month
        # Siku ya kuzaliwa haijafika mwezi huu: mwezi haujatimia.
        # Aliyezaliwa 31 Januari anatimiza mwezi tarehe 1 Machi.
        if siku.day < kuzaliwa.day:
            miezi = miezi - 1
        return miezi

Njia za mkato zipo, na kila moja ina mtu inayemdhulumu. Ya kwanza ni kutoa mwaka kwa mwaka: mtoto aliyezaliwa Desemba 2020 akaja kutibiwa Januari 2025 anaambiwa ana miaka mitano, wakati ana minne tu. Ya pili inaonekana ya kisomi zaidi, ya kuhesabu siku zote kisha kugawanya kwa 365. Chukua mtoto aliyezaliwa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 9 Machi 2025 amekwisha ishi siku 1,825, kwa sababu Februari ya 2024 ilikuwa na siku 29. Gawanya 1,825 kwa 365, unapata 5 kamili. Mfumo unasema ametimiza miaka mitano. Mama yake anajua ni kesho. Na mama ndiye mwenye haki.

Kwa nini nihangaike na siku moja? Kwa sababu kwenye hospitali zetu za umma umri ni pesa. Sera ya msamaha inasema mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo, vivyo hivyo mjamzito, na mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo. Karani wa dirisha hakai kufanya hesabu ya kila mtoto; anaangalia kioo. Kioo kikisema miaka mitano, atasema, "Mama, huyu inabidi mlipie." Mama aliyetoka Mlandizi na nauli ya kurudia tu hatabishana na kompyuta. Atatoka nje kupiga simu kutafuta hela, au ataondoka. Hakuna mtu pale dirishani aliyefanya ubaya. Ubaya ulifanywa miezi mingi nyuma, kwenye chumba chenye kiyoyozi, na mtu aliyeona kugawanya kwa 365 kunatosha.

Ndiyo maana karibu na vipande hivi viwili nategemea kuona kipande cha tatu, ambacho mteja hatakiona kamwe, yaani majaribio:

    chini_ya_5 = "mwaka 1 hadi chini ya miaka 5"
    zaidi_ya_5 = "miaka 5 hadi chini ya miaka 60"
    amezaliwa = tarehe(2020, 3, 10)

    assert kundi_la_umri(amezaliwa, tarehe(2025, 3, 9)) == chini_ya_5
    assert kundi_la_umri(amezaliwa, tarehe(2025, 3, 10)) == zaidi_ya_5

Mistari miwili ya mwisho ni ahadi. Kila mtu atakapogusa msimbo huu, mashine itaiuliza ahadi hiyo upya kabla ya kukubali mabadiliko. Na angalia tarehe zilizochaguliwa. Mwandishi hakumjaribu mtoto wa miaka mitatu, ambaye kila njia, sahihi na mbovu, ingempatia jibu moja. Amekwenda moja kwa moja ukingoni, siku ya mwisho ya kundi moja na siku ya kwanza ya kundi linalofuata. Akina mama wa Uzaramo wanaosuka mikeka ya ukili wanalijua hili: mkeka huanza kufumuka pembeni, na mnunuzi mzoefu haangalii maua ya katikati kabla hajashika pindo. Msimbo nao hufumukia ukingoni, na huko ndiko ninakokwenda kumtafuta fundi.

Kibaha ina haki ya kutajwa katika ufundi huu kwa jina lake. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likakabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, na tangu mwanzo lilikusudiwa kupambana na ujinga, maradhi na umaskini mahali pamoja: shule, mafunzo ya kilimo na kituo cha afya, ambacho baadaye kilikuwa hospitali ya Tumbi. Shirika hilo ndilo lililoshirikiana na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, kuandaa GoT-HoMIS, mfumo wa kuendesha hospitali na vituo vya afya vilivyo chini ya serikali za mitaa: kusajili mgonjwa, kumwona daktari, maabara, dawa, malipo. Vipande ninavyoonyesha humu ni vya kwangu, nimeviandika kwa ajili ya makala haya. Lakini kazi yake ni ya aina hiyo hiyo, na nasisimka kila ninapofikiri kwamba programu ya hospitali za Tanzania ilipikwa karibu na wodi, na watu wanaoweza kuvuka uwanja wakamuuliza muuguzi.

Haikuwa hivyo zamani. Serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ikaendeshwa kwa kutegemea mno wataalamu wa kigeni, mifumo ikaandaliwa vibaya, fedha zikapotea, hesabu zikarudishwa kwenye mikono ya watu, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Watu husimulia kisa hicho kama kituko cha siasa za wakati ule. Mimi nakiona kama kisa cha ufundi. Msimbo ambao mwenye kazi hawezi kuusoma wala kuurekebisha, hata ukiwa mzuri siku unapofungwa, umeshaanza kuzeeka, na mgeni akishapanda ndege unabaki chuma.

Mkoa wa Pwani ukawa baadaye miongoni mwa maeneo ya mwanzo kujaribu DHIS2, mfumo unaopokea zile taarifa za MTUHA kutoka vituoni, kabla haujaenea nchi nzima mwaka 2013. Huo ulitokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini miaka ya 1990 na kukuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilichoulea. Msimbo wake uko wazi. Kijana wa Kibaha mwenye kompyuta na bando anaweza kuufungua usiku huu huu na kusoma jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyoshughulikia makundi ya umri. Namshauri afanye hivyo kabla ya kununua kozi yoyote. Kusoma msimbo wa wengine ndiko kunakofundisha kuandika, na wengi wetu tunaandika miaka mingi bila kusoma.

Turudi Tumbi. Hospitali iko kando ya Barabara ya Morogoro, na ajali zikitokea kati ya Dar es Salaam na Chalinze, majeruhi wengi huletwa pale. Fikiria basi limepinduka alfajiri. Machela inaingia na mwanamume asiye na fahamu, hana kitambulisho, simu yake imebaki kwenye vyuma. Karani anafungua ukurasa wa kusajili. Mfumo unadai jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, na kila kisanduku kina nyota nyekundu. Bila kujaza huendelei. Bila kuendelea, daktari hawezi kuagiza kipimo cha damu.

Karani atafanya nini? Atajaza uongo, na ana haki ya kuujaza. Ataandika "X X X". Ataandika 1 Januari 1980. Ataweka namba yake mwenyewe ya simu. Baada ya mwaka mmoja kanzidata itakuwa na akina X wengi waliozaliwa siku moja, na mtu atakayekuja kutafuta ndugu yake hatapata wa kumshika. Mwanaprogramu atalaumu makarani kwamba hawako makini. Ni yeye aliyewafundisha kudanganya, kwa kudai kitu ambacho hali halisi haina.

Fundi anaandika vingine. Jina linaruhusiwa kukosekana, ila likikosekana lazima sababu itajwe: hajulikani, mtoto mchanga hajapewa jina, amekataa kutaja. Mgonjwa anapewa namba ya muda na matibabu yanaanza. Tarehe ya kuzaliwa inakubali mwaka mtupu, na pembeni kuna alama ya kwamba haya ni makadirio, kwa sababu bibi wa Mzenga aliyezaliwa msimu wa korosho mwaka asioukumbuka vizuri haongopi anaposema "sabini na kitu". Kumwekea 1 Januari bila alama ni kumtungia siku ya kuzaliwa. Ndugu wakifika mchana na jina kamili, mfumo hauifuti kumbukumbu ya muda na kuandika juu yake. Unaunganisha, ukiandika ni nani aliyeunganisha, saa ngapi na kwa ushahidi gani, ili ikigundulika kuwa ndugu walikosea mtu, iwezekane kutenganisha. Yule aliyeandika kitufe cha kutenganisha kabla hajaombwa, huyo namvulia kofia.

Mambo mengine nayapitia haraka kwa kuwa yanafahamika zaidi, japo kuyafahamu siyo kuyafanya. Namba za simu: watu huandika kwa 07, kwa +255, kwa 255, wakiweka nafasi na vistari wapendavyo, mwachie mwandikaji uhuru wake, kisha isafishe namba mara moja tu, mlangoni, ihifadhiwe kwa sura moja. Ukisafisha sehemu tano tofauti, zitatofautiana. Malipo: umeme ukikatika au mtandao ukigoma katikati, karani atabofya tena. Ombi la malipo liwe na namba yake ya pekee tangu linapoundwa, na kanzidata yenyewe ikatae kupokea namba hiyo mara ya pili, ili mgonjwa asipewe kontroo namba mbili kwa kipimo kimoja. Usitegemee kufifisha kitufe kwenye kioo. Shilingi zihesabiwe kwa namba nzima. Siri, nywila na funguo zisikae ndani ya msimbo hata kwa siku moja ya majaribio.

Kuna jambo moja kati ya hayo ya kila siku ambalo silipitii haraka, nalo ni maelezo ya mabadiliko. Ukitumia Git, aliyoiandika Linus Torvalds mwaka 2005, kila mabadiliko ya msimbo huweza kubeba ujumbe wake na kubaki nao. Wengi huandika "nimerekebisha umri" na kwenda zao. Linganisha na huu:

    Umri uhesabiwe kwa siku ya huduma, si siku ya kuchapa ripoti.

    Ripoti ya Februari ikichapwa Machi ilikuwa inawahamisha
    watoto waliotimiza miaka 5 katikati. Jumla haikubadilika,
    ndiyo maana haikuonekana mapema. Ripoti za nyuma zichapwe upya.

Aliyeandika hivi amefikiria mtu asiyemjua. Msimbo wenyewe unaonyesha kilichobadilika. Ujumbe unaeleza kwa nini, kwa nini hakikuonekana, na nini kifanyike baada ya hapo. Kijana atakayeajiriwa mwakani, akiona neno siku_ya_huduma na kudhani ni urembo unaoweza kuondolewa, atafungua historia na kukutana na watoto wa Februari. Nimesoma historia za misimbo zilizoandikwa kwa uangalifu huo, na zilinifunza kazi kuliko vitabu vingi.

Nimebakiza kitu ambacho natamani fundi wa kwetu akikamilishe na kukigawa bure, kipande cha kutafuta mtu kwa jina. Mgonjwa aliyetibiwa Kisarawe mwaka jana amekuja Tumbi bila kadi. Anaitwa Athumani Ramadhani. Rejesta ya kwanza ilimwandika Othmani Ramazani. Mifumo mingi inayojaribu kulinganisha majina kwa sauti hutumia Soundex, mbinu aliyoipatia hataza Mmarekani Robert Russell mwaka 1918 kwa majina ya kwao. Mbinu hiyo hushikilia herufi ya kwanza kama ilivyo, na konsonanti zinazofuata huzigeuza kuwa tarakimu tatu. Athumani inakuwa A355, Othmani inakuwa O355, basi hawakutani tena. Khalidi na Halidi vilevile, K430 na H430. Ramadhani ni R535, Ramazani ni R525. Na kwa kuwa mbinu hiyo inaipa l tarakimu yake na r tarakimu nyingine, kila mahali ambapo ulimi wa Pwani unazibadilishana, mtu mmoja anakuwa wawili.

Kanuni za kwetu zinajulikana na kila karani aliyekaa dirishani muda mrefu. Kilichobaki ni kuziandika. Kh na h zihesabiwe moja. Dh, th na z zikae kundi moja. L na r pia. Irabu ya mwisho iliyoongezwa idondoshwe, Zainabu awe Zainab. Irabu ya mwanzo isishikiliwe. Jina la baba libebe uzito kuliko la ukoo, kwa sababu wengi hujitambulisha kwa jina lao na la baba, na la babu huja na kutoweka kulingana na fomu. Kijiji kiongeze alama, mwaka wa kuzaliwa uongeze alama, ila pungufu kama ni wa makadirio.

Na funksheni hiyo ikishaandikwa, irudishe orodha. Isirudishe kamwe mtu mmoja, hata kama imepata mmoja tu anayelingana kwa kila kitu. Maana ukimchanganya Athumani huyu na Athumani yule, faili la mmoja litasema ana mzio wa penisilini na la mwingine litanyamaza, na dawa itachomwa kwa kufuata faili. Mashine iweke majina matatu au manne kwenye kioo, yakiwa na kijiji na mwaka wa mwisho kutibiwa, kisha karani ainue macho amuulize mzee aliye mbele yake, "Shikamoo baba, mara ya mwisho ulitibiwa wapi?"